Carl Akeley, mpiga picha aliyezikwa Mikeno

Kwenye mlima Mikeno, kule Kivu ya Kaskazini, kuna kaburi la Mmarekani. Ni Carl Akeley, aliyezaliwa mwaka wa 1864 katika jimbo la New York. Kazi yake ilikuwa kukausha ngozi za wanyama na kuzitengeneza zionekane kama hai ndani ya makumbusho.

Kamera za sinema za wakati ule zilikuwa ngumu kugeuza: mnyama akikimbia, picha imepotea. Basi Akeley akabuni ya kwake, ya mviringo, inayogeuka kwa wepesi.

Mwaka wa 1921 alipanda Mikeno na Karisimbi. Aliua sokwe kwa ajili ya makumbusho, lakini pia aliwapiga sinema wakiwa hai porini, kitu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amefanya. Kuwatazama karibu kulimgeuza moyo. Akaanza kumsihi mfalme Albert wa Ubelgiji awalinde, na mwaka wa 1925 ikaanzishwa mbuga ya Albert, ile tunayoiita leo Virunga. Hapa kwetu Katanga, Upemba ilifuata mwaka wa 1939.

Lakini wakoloni walichora mipaka ya Virunga juu ya mashamba na malisho ya wenyeji, na ugomvi huo haujaisha mpaka leo.

Mwezi wa 11 mwaka wa 1926, Akeley alirudi mlimani na wachoraji, akaugua, akafa. Mke wake Mary akamzika palepale, Kabara. Leo sokwe wa milimani wamepita 1,000 kati ya Kongo, Rwanda na Uganda.