Benjamin Franklin, mtu wa noti ya dola mia, na bima ya nyumba

Hapa Kindu, mtu akinunua parsele ao nyumba kule Mikelenge ao Alunguli, mara nyingi anahesabu noti za dola mia. Uso ulio juu ya noti ile ni wa Benjamin Franklin. Wengi wanazani alikuwa rais wa Marekani. Hapana: alikuwa mpiga chapa, na kazi yake moja inamgusa kila mwenye nyumba mpya.

Alizaliwa Boston tarehe 17 Januari 1706, mmoja wa watoto 17 wa fundi wa mishumaa na sabuni. Alisoma miaka miwili tu. Akiwa na miaka 17 alimtoroka kaka yake aliyemfundisha kazi, akafika Philadelphia, na huko akawa na gazeti lake.

Mji ule uliogopa moto. Mwaka wa 1736 Franklin na wenzake waliunda kundi la zimamoto. Kila memba aliweka ndoo za ngozi tayari kwa kukimbilia nyumba ya mwenzake. Lakini moto ukizimika, mwenye nyumba alibaki na majivu. Juu ya hiyo, mwaka wa 1752 walianzisha kampuni ya bima, Philadelphia Contributionship. Ilikuwa sawa likelemba, ila hapa hakuna zamu: makuta ya wote yalimwendea yule aliyeunguliwa, na wengine walishukuru kukosa.

Masharti hayakufichwa. Nyumba ilikaguliwa kwanza. Yenye hatari zaidi ililipa zaidi. Bima ilikuwa ya moto tu, na ya miaka 7. Mwaka wa 1781 kampuni ilikataa nyumba zenye miti mbele. Wenyewe wakaunda kampuni yao mwaka wa 1784.

Franklin alikufa tarehe 17 Aprili 1790. Kampuni ile ingali inafanya kazi.

Katika Kongo, Sonas ilikuwa peke yake tangu 1966, mpaka sheria ya 2015 ilipofungulia mlango kampuni zingine. Ulizo ni lile lile la Philadelphia: kontra inalinda nini? Moto tu, ao pia upepo unaong'oa bati na maji ya Lualaba? Ukuta tu, ao na vyombo vya ndani? Kisichoandikwa mule hakitalipwa. Ni vizuri kuuliza mbele ya kutia sahihi, maana kisha moto kupita hakuna wa kujibu.