Kantorovich: Mwanahisabati aliyejibu swali la serikali, jibu likakataliwa

NI kiwanda cha mbao kilichomletea Leonid Vitalyevich Kantorovich tatizo lililobadilisha maisha yake, na ambalo baadaye lilibadilisha namna viwanda na mashamba kote duniani yanavyopangiwa kazi.

Ilikuwa mwaka wa 1938 mjini Leningrad, katika Muungano wa Kisovieti. Wahandisi wa maabara ya shirika la serikali lililotengeneza plaiwudi walikuwa wamewaendea wanahisabati wa chuo kikuu kutafuta msaada. Walikuwa na mashine nane za kumenya magogo na aina tano za magogo. Kila mashine ilikuwa na kasi yake kwa kila aina ya gogo, na aina zote zilipaswa kutumika kwa uwiano uliowekwa. Je, gogo lipi lipelekwe kwa mashine ipi, na kwa muda gani, ili plaiwudi ipatikane kwa wingi iwezekanavyo?

Swali hilo lilisikika kama la mtoto wa shule, lakini lilikuwa mlima. Kwa hisabati iliyojulikana wakati huo, ingembidi mtu atatue makundi bilioni moja hivi ya milinganyo, kila kundi likiwa na tarakimu 12 za kutafutwa, kisha alinganishe majibu yote. Na hesabu ilifanywa kwa kalamu na karatasi.

Kantorovich alikuwa na umri wa miaka 26 tu, japo tayari alikuwa profesa. Alizaliwa Januari 19, 1912 katika mji huo huo, ulipokuwa bado ukiitwa St Petersburg. Babake, daktari, alifariki mwaka wa 1922 na mwanawe akalelewa na mama. Alijiunga na chuo kikuu akiwa na miaka 14, akahitimu akiwa na 18, akawa profesa mnamo 1934. Mwaka uliofuata alitunukiwa shahada ya udaktari bila kutakiwa kutetea tasnifu yoyote. Hisabati aliyoipenda ilikuwa ya nadharia tupu, isiyohusiana kamwe na magogo.

Hata hivyo, suala la plaiwudi halikumtoka akilini. Badala ya kujaribu kila mpangilio mmoja baada ya mwingine, alikipa kila kitu kilicho haba namba yake ya thamani. Kitu kikipungukiwa, namba yake hupanda, kikizidi, hushuka. Kila mashine hupewa kazi yenye manufaa makubwa zaidi kwa namba hizo, kisha namba hurekebishwa tena na tena hadi pasiwe na mashine inayofaa kuhamishwa. Hapo mpango bora huwa umepatikana.

Mkulima ataielewa mbinu hii upesi. Mwenye ekari kumi, vibarua watatu na maji ya kutosha nusu ya shamba hawezi kuuliza tu ni zao gani lenye bei nzuri sokoni. Humbidi kuuliza kila ekari ya mahindi inamnyima nini kwenye maharagwe, na kila siku ya kibarua inayotumika kwenye mboga inamgharimu nini kwingineko. Kantorovich aliyageuza maswali hayo kuwa hesabu yenye mwanzo na mwisho.

Mara akatambua kwamba tatizo la magogo lilikuwa na ndugu wengi. Katika kijitabu kilichochapishwa na Chuo Kikuu cha Leningrad mwaka wa 1939, alionyesha kwamba hesabu ile ile ingetumika kugawa kazi kati ya mashine, kukata mabamba na karatasi bila kupoteza vipande, kuchagua mafuta ya kuendeshea mitambo, kusafirisha mizigo na kugawa ardhi kati ya mazao. Kwa nchi iliyojigamba kwamba uchumi wake wote uliendeshwa kwa mpango, hakuna zawadi iliyostahili kupokelewa kwa furaha zaidi.

Haikupokelewa. Chanzo cha balaa kilikuwa zile namba za thamani.

Kwa itikadi iliyotawala, thamani ya bidhaa ilitokana na kazi ya binadamu peke yake. Hesabu za Kantorovich zilisema jambo jingine: kwamba ardhi yenye rutuba, mashine adimu na hata muda vina thamani yake kwa sababu ni haba, na kwamba mpangaji anayevihesabu kama vya bure atavifuja. Shamba zuri lapaswa kutozwa kodi ya ardhi, hata likiwa mali ya umma. Kwa wanauchumi wa chama, hayo yalikuwa mawazo ya kibepari yaliyopitishwa mlango wa nyuma.

Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akifundisha katika chuo cha wahandisi wa jeshi la majini. Leningrad ilipozingirwa na majeshi ya Ujerumani, chakula kiliingia mjini kupitia barafu ya Ziwa Ladoga, naye alishiriki kukokotoa umbali uliofaa kuachwa kati ya lori na lori ili barafu isipasuke. Wakati huo huo alikuwa akiandika kitabu. Kufikia 1942, muswada uliokusudiwa kueleza uchumi wa taifa zima kwa njia ya ile mashine ya magogo ulikuwa umekamilika.

Aliupeleka kwa Gosplan, tume ya taifa ya mipango, nayo ikaukataa. Katika mjadala mmoja, msomi aliyeupinga alikumbusha kwamba mwanauchumi mwingine aliyezungumzia mpangilio bora alikuwa Pareto wa Italia, kipenzi cha Mussolini. Nyakati za Stalin, ulinganisho wa namna hiyo ulitosha kumfikisha mtu gerezani au kaburini. Nikolai Voznesensky, mwenyekiti wa Gosplan miaka hiyo, mwenyewe aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka wa 1950 katika kisa kingine cha kisiasa.

Kantorovich aliusoma upepo. Aliuweka muswada kando, akarejea kwenye hisabati ya nadharia, na mwaka wa 1949 akapewa Tuzo ya Stalin kwa kazi hiyo isiyomkera yeyote. Kunyamaza kwake huenda kulimwokoa. Lakini kuliigharimu nchi yake karibu miaka 20.

Hata hivyo hakuacha kabisa. Mwishoni mwa miaka ya arobaini, yeye na mwanahisabati Viktor Zalgaller walikisaidia kiwanda cha mabehewa cha Egorov, mjini Leningrad, kukata mabamba ya chuma kwa hesabu. Vipande vya kutupwa vilipungua sana. Inasimuliwa kwamba kiwanda kilijikuta mashakani papo hapo, kwani mpango wa serikali ulikitaka pia kuwasilisha kiasi fulani cha vyuma chakavu, na sasa hakikuwa navyo. Kisa hicho kinaeleza ugonjwa wa mfumo ule kuliko vitabu vingi.

Stalin alifariki mwaka wa 1953 na hofu ikalegea. Kitabu kilichoandikwa wakati wa vita kilichapishwa mwaka wa 1959, kikishambuliwa na wahafidhina na kutetewa na vijana. Mwaka wa 1960 Kantorovich alihamia Novosibirsk, Siberia, kwenye tawi jipya la Akademia ya Sayansi, mbali kidogo na macho ya Moscow.

Kundi lake ndilo lililopendekeza nauli mpya za teksi, zilizoanza kutumika mwaka wa 1961: abiria alipe ada ndogo ya kuanzia safari, kisha bei ya kila kilomita ipunguzwe. Ada hiyo ilifanya safari fupi ziwe na faida. Lilikuwa jambo dogo, lakini hapo wananchi wa kawaida walikutana na fikra zake bila kumjua.

Mwaka wa 1965 alipewa Tuzo ya Lenin pamoja na wanauchumi Vasily Nemchinov na Viktor Novozhilov.

Ng'ambo, wengine walikuwa wamefika pale pale kwa njia nyingine. Mmarekani George Dantzig alibuni mwaka wa 1947 mbinu yake ya kutatua matatizo ya aina hiyo, akilifanyia kazi jeshi la anga, bila habari yoyote ya kijitabu cha Leningrad. Tjalling Koopmans, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Marekani, alikuwa ameshughulikia safari za meli za mizigo wakati wa vita. Ni Koopmans aliyeitambua kazi ya Mrusi huyo katika miaka ya hamsini na kusaidia ijulikane Magharibi. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka wa 1960, miaka 21 baada ya chapa ya kwanza.

Mwaka wa 1975 Kantorovich na Koopmans waligawana Tuzo ya Nobel ya uchumi. Dantzig aliachwa nje, uamuzi ambao wengi hadi leo wanauona kuwa wa kushangaza. Koopmans mwenyewe hakuufurahia, na alitoa sehemu ya fedha zake kwa taasisi ya utafiti nchini Austria.

Kantorovich alikuwa amerudi Moscow tangu 1971. Aliamini hadi mwisho kwamba uchumi wa taifa zima ungeweza kupangwa vyema iwapo bei zingekuwa za kweli. Pengine alikosea hapo, kwa kuwa mameneja wa viwanda walizoea kuficha uwezo wao ili wapangiwe malengo mepesi, na hakuna hesabu inayoweza kurekebisha takwimu za uongo. Ndani ya kiwanda kimoja au shamba moja, ambako mpangaji anajua alicho nacho, mbinu yake haijawahi kutiliwa shaka.

Alifariki Aprili 7, 1986, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy jijini Moscow. Gosplan ilivunjwa mwaka wa 1991.