Bibi wa Momella

Msafiri atokaye Getanuwas, akapita Katesh na Babati hadi Arusha, kisha akauzunguka Mlima Meru kwa upande wa mashariki, hufika mahali paitwapo Momella. Hapo pana maziwa, heroe, twiga na nyati, na leo yote hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Wageni wanaozuru hapo husimuliwa habari za mwanamke mmoja wa Kijerumani aliyekuwa mwindaji, mfugaji na mpanda farasi hodari. Jina lake ni Margarete Trappe.

Wamarekani wanao wanawake wao wa nyika za magharibi, waliovaa suruali, wakabeba bunduki na kuimbwa katika hadithi. Huyu twaweza kumweka katika safu hiyohiyo, na kwa haki kabisa. Alizaliwa mwaka 1884 huko Silesia, iliyokuwa sehemu ya Ujerumani wakati ule. Mwaka 1907 alifika katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani pamoja na mumewe, Ulrich Trappe, wakapanda bara kwa magari ya kukokotwa na maksai, wakafanya makao Momella. Huko walifuga ng'ombe mahali ambapo simba na chui hawakuwa wageni. Hapana shaka kwamba kazi hiyo ilidai moyo mgumu, na bibi huyu alikuwa nao.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914 mumewe alikwenda jeshini, na yeye akabaki na shamba. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliiteka nchi ya Kilimanjaro na Meru. Wajerumani waliposhindwa walifukuzwa, na mali zao zikachukuliwa kama mali ya adui. Zaidi ya miaka kumi ya jasho ikapotea kwa amri ya serikali. Watu wengine wangekata tamaa wakabaki kwao. Bibi Trappe alirejea Tanganyika baada ya Wajerumani kuruhusiwa tena, akaanza upya Momella.

Hapo ndipo sifa yake ilipokua hasa. Aliishi kwa kuwaongoza matajiri wa Ulaya katika safari za kuwinda, kazi iliyohesabiwa kuwa ya wanaume watupu, na hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki kuifanya kuwa riziki yake. Husimuliwa kwamba wafugaji wa Kimaasai walimwita Yeyo, yaani mama. Na jambo la ajabu kwa mtu aliyeishi kwa bunduki ni kwamba sehemu kubwa ya shamba lake aliitenga kwa hiari yake ili wanyama wasiguswe. Katika hilo aliwatangulia wengi waliokuja baadaye na vyeo na ofisi.

Hayo yote ni kweli, nasi hatuna sababu ya kumnyima sifa yake. Lakini masimulizi ya namna hii, ya Marekani na ya kwetu, yana desturi moja mbaya: hufungua mlango kwa kusema kwamba mhusika alifika porini. Pori la nani? Mwaka 1896, miaka kumi na mmoja kabla ya magari yale ya maksai, wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa Meru, na majeshi ya Wajerumani yakalipiza kisasi kikali kwa Wameru na Waarusha. Baada ya hapo ardhi kubwa kuuzunguka mlima iligawiwa kwa walowezi, Wajerumani kwa Makaburu, hata wenyeji wakabanwa juu mlimani kama watu waliowekwa kwenye kikapu. Upweke ule wa Momella, ambao wasimulizi wanaupenda sana, ulikuwa umetayarishwa kwa moto na risasi.

Wala mambo hayakuishia kwa Wajerumani. Mwezi Novemba 1951, Bibi Trappe akiwa mzee katika shamba lake, Waingereza waliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, jirani kabisa na Momella, ili nafasi hiyo wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuyapeleka malalamiko ya watu wake mbele ya Umoja wa Mataifa. Hatusemi kwamba bibi yule ndiye aliyeamuru ukatili huo, hakuuamuru. Tunasema tu kwamba wawili hawa walikuwa majirani, na ni mmoja tu aliyepata kutengenezewa filamu huko Ujerumani.

Sisi wa Hanang tunayo sababu ya kulisikia jambo hili kwa sikio la karibu. Wabarbaig wa Basotu hawakunyang'anywa malisho na Mjerumani. Yalichukuliwa na shirika la serikali yetu wenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya mashamba ya ngano, na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya zamani, kwamba ardhi ilikaa bure.

Bibi Trappe alifariki Momella mwaka 1957. Inasimuliwa kwamba usiku ule tembo walikuja wakasimama karibu na nyumba yake. Atakaye aamini. Mwaka 1960 hifadhi ilianzishwa na shamba lake likaingizwa ndani yake. Wakati huohuo walifika Wamarekani wa sinema kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, na Hardy Krüger, mmoja wa wachezaji wake, akavutiwa hata akanunua mahali hapo na kuishi.

Engare Nanyuki nako watu walirudi. Hao hawakupigiwa filamu, bali walijenga nyumba, wakapanda mahindi, na mpaka leo wanapakana na hifadhi.