ASKOFU LUCAS WA MASASI: MZUNGU ALIYEULIZA KWANZA KABLA YA KUBADILISHA

Leo sina habari ya ajali wala ya bei ya korosho. Leo nataka niwasimulie mtu mmoja wa zamani, na mwisho nitawaambia kwa nini nimemkumbuka wiki hii, maana mwenzenu yamenikuta.

Ukimuuliza kijana yeyote hapa Masasi akutajie mtu maarufu wa kwetu aliyetangulia mbele ya haki, atakutajia Mzee Mkapa wa Lupaso, aliyefariki mwaka 2020. Sawa kabisa. Akiwa na babu anayependa kusimulia, labda atakutajia na Askofu Trevor Huddleston, yule mpinga ubaguzi wa Afrika Kusini aliyekuwa askofu hapa kuanzia 1960 mpaka 1968. Lakini ukitaja William Vincent Lucas wengi watakutumbulia macho. Na huyo ndiye askofu wa kwanza kabisa wa Masasi.

Lucas alikuwa Mwingereza, kazaliwa 1883. Alikuja huku 1909 na ile misheni ya UMCA, yaani wamisionari wa vyuo vikuu vya Uingereza. Piga hesabu mwenyewe, alikuwa kijana wa miaka 20 na kitu tu, umri wa wengi wetu tunaogombania viti humu intaneti kafe. Enzi hizo nchi iko chini ya Mjerumani.

Na Masasi aliyoikuta ilikuwa imeshapigwa sana. Misheni ilianzishwa 1876 na Askofu Edward Steere, aliyekuja na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Nia ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, wakaishia hapa kwenye majabali yetu. Mwaka 1882 Wangoni wakavamia, wengine wakachukuliwa, na sehemu ya misheni ikapanda juu Newala kwa Mzee Matola, mkuu wa Wayao. Kisha 1905 ikaja Maji Maji na misheni ya Masasi ikachomwa moto. Kwa hiyo Lucas anafika miaka minne baadaye, watu bado wanajenga upya.

Sasa tuje kwenye kiini. Misheni ilikuwa na tatizo moja sugu, nalo ni jando.

Nyie mnajua jando kwetu ni nini. Wayao, Wamakua, Wamakonde, Wamwera, kila kabila na namna yake na majina yake, lakini kwa ujumla ni hivi: vijana wanatolewa nyumbani, wanawekwa porini, ngariba anafanya kazi yake, somo anawahudumia na kuwafundisha, wanapona, wanarudi na jina jipya na heshima mpya. Usipopita pale wewe bado mtoto hata ukiota ndevu, kwenye vikao husikilizwi na mke utampata kwa shida.

Wamisionari wa mwanzo waliona njia ya mkato ni kukataza. Mkristo asiende jandoni, basi. Ikawaje? Vijana wakawa wanatoroka. Mwalimu anaita majina shuleni, nusu hawapo. Wengine walikwenda kwenye majando ya ndugu zao Waislamu na wakarudi wamehesabiwa kuwa Waislamu, jambo ambalo kwa upande wa ndugu zetu Waislamu halikuwa na ubaya wowote, lakini kwa misheni ilikuwa ni hesabu isiyokaa sawa. Yaani walikuwa na sheria ambayo kwenye karatasi iko safi, ila kwenye matokeo inawapotezea watu walewale walioandikiwa.

Na hapa nataka muelewe kitu. Walioliona tatizo hili vizuri si Wazungu, ni mapadre na walimu wa Kiafrika. UMCA ilikuwa na mapadre weusi mapema sana. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipata upadre 1890 na alifanya kazi miaka mingi Chitangali, bondeni huko kati yetu na Newala. Hawa waliishi na watu, walikuwa na wajomba na wapwa zao, walijua nini kinasemwa usiku.

Lucas alipoingia kazini hakuanza na tangazo. Alianza kuuliza. Aliwakalisha chini mapadre, walimu na wazee, akataka kujua jando linakwenda vipi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nani anaruhusu lifanyike? Nani anachagua mahali? Ngariba anafanya nini, somo anafanya nini? Wimbo huu wa kazi gani, na ule unafundisha nini? Wanarudi vipi nyumbani? Yaani kama fundi baiskeli anavyofungua mnyororo, anapanga vipande chini kwanza kabla ya kusema kipi kimeoza.

Akagundua kwamba jando si kitu kimoja. Ndani yake mna tohara, ambayo ni mambo ya mwili na kidonda. Mna mafundisho: heshima kwa wakubwa, uvumilivu, mambo ya ndoa na kazi. Mna sala, pale wazee wanapomwaga unga na kuwaomba wahenga. Mna nyimbo na maneno ya matusi matusi. Na mna mamlaka, kwa sababu si kila mtu alikuwa na haki ya kufungua jando, ni jambo la wakuu na wenye ukoo.

Baada ya kuyatenga hayo ndipo akauliza lipi linapingana na imani yake na lipi halipingani. Tohara haipingani. Heshima na uvumilivu vinatakiwa hata kanisani. Kukaa porini na wenzako ni jambo jema. Maombi kwa wahenga yakawekewa sala za Kikristo. Nyimbo za matusi zikaondolewa. Kidonda na usafi wake vikapewa uangalizi. Padre akawepo kambini badala ya kusubiri kanisani akilaumu. Na vijana walipopona walirudi kwa kupitia kanisani, ndipo wakapokelewa na wazazi. Majando ya namna hiyo yalifanyika katika miaka ya 1910 na 1920 na kuendelea, na watu walikuja.

Unaweza kusema mbona rahisi? Si rahisi hata kidogo. Angetoa kitu kimoja kisichotakiwa kutolewa, wazee wangesema hili si jando, ni mchezo wa watoto, na kijana aliyepita pale angechekwa maisha yake yote na kuambiwa akarudie. Mtihani wake ulikuwa pale pale kijijini: mtoto akirudi, jirani asiye Mkristo atamhesabu kuwa mtu mzima au hatamhesabu? Hicho ndicho kilikuwa kipimo, na wa kukitumia hakuwa Lucas. Walikuwa majirani.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Wajerumani wakawakamata wamisionari wa Kiingereza katika koloni lao na kuwazuilia. Huku kwetu vita ilipita na miguu miwili: Newala Wareno waliingia kutoka ng'ambo ya Ruvuma mwezi Oktoba 1916, na Novemba wakafurushwa. Kipindi chote hicho mapadre na walimu wa Kiafrika ndio walioshika makanisa. Kama shughuli zote zingekuwa kichwani kwa Mzungu mmoja zingekufa. Hazikufa.

Mwaka 1926 Masasi ikatengwa kutoka dayosisi ya Zanzibar ikawa dayosisi yake, na Lucas akafanywa askofu wa kwanza. Mwaka 1927 akaandika makala kwenye jarida la kimataifa la wamisionari kuhusu thamani ya jando na unyago katika malezi, na baadaye kikatoka kitabu chake kidogo kuhusu Ukristo na mila. Kwa maneno mengine alifanya jambo, akalitazama miaka, akaliandika ili wengine walikosoe. Na walikosoa kweli, maana kuna waliomwona amekwenda mbali mno.

Sasa wadau, ngoja niwaambie kwa nini nimemkumbuka.

Mwenzenu msimu uliopita nilipata kibarua kwenye chama kimoja cha wakulima wa korosho, sitakitaja. Mnajua mfumo wa stakabadhi ghalani tulio nao huku tangu 2007: mkulima analeta mzigo, unapimwa, anaandikiwa, mzigo unakwenda ghala kuu, unapigwa mnada, hela inarudi kupitia benki. Mimi nilikuta karani mzee anaandika mambo yaleyale mara mbili, kwenye stakabadhi na kwenye daftari lake kubwa lenye kurasa zilizochakaa. Nikajiona mjanja, nimemaliza kidato cha nne, Excel naijua. Nikaiambia kamati daftari hili linapoteza muda, litupwe, mimi nitaingiza kila kitu kwenye kompyuta. Wakafurahi. Foleni ikapungua kweli, wiki ya kwanza nilipongezwa.

Malipo yalipotoka, bibi yangu wa kule Newala hakukuta kitu. Alipanda gari mara tatu kuja kuuliza. Hela ya bati hiyo wadau, na mvua zimeshaanza. Kumbe kwenye orodha yangu kulikuwa na bibi mwingine mwenye majina yaleyale mawili, na kilo zao nilizichanganya zikawa za mtu mmoja. Karani mzee akafungua daftari lake la zamani akanionyesha pembeni: mbele ya kila jina alikuwa anaandika kitongoji na jina la mama wa mkulima. Ndiyo maana alikuwa anaandika mara mbili! Kwenye stakabadhi hakuna nafasi ya kuandika hayo. Na mimi sikuwahi kumuuliza, siku hata moja, mzee hili daftari ni la kazi gani.

Hela ya bibi ilipatikana baada ya wiki tatu. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Kwa hiyo nikikaa nikisoma habari za Lucas najiona. Yeye alikuta utaratibu ambao kwa mgeni unaonekana giza tupu, akauliza kila hatua ni ya nini. Mimi nilikuta utaratibu wa watu wangu mwenyewe, nikaona ni uchafu, nikafagia.

Lakini tusimfanye malaika. Kwanza, upande wa unyago wa wasichana kazi yake ilikuwa ngumu zaidi. Yale ni mambo ya makungwi na akina mama, na mwanamume hatakiwi hata kuchungulia. Unapotaka kurekebisha jambo ambalo wenyewe hawakuruhusu uingie, utarekebisha nini? Pili, mwenye kauli ya mwisho kuhusu kipi kibaki na kipi kiondoke alikuwa yeye, Mzungu wa misheni ndani ya koloni. Wazee waliulizwa, lakini kalamu hawakupewa. Na tatu, jando lilipoingia kanisani sehemu ya nguvu za wakuu wa ukoo ilihamia kwa padre. Kila utaratibu ukiubadilisha kuna mtu anapata na kuna mtu anapoteza, hata kama hakuna aliyekusudia.

Lucas alistaafu uaskofu 1944, akafariki 1945. Alikuwa amekaa na watu wetu kwa zaidi ya miaka 30. Wasomi wa historia ya dini Afrika mpaka leo wakitaka mfano wa misheni iliyojaribu kukaa na mila badala ya kuzifukuza, wanataja Masasi. Yaani sisi ni mfano duniani, na wenyewe hatujui!

Kamati imeniita tena wiki ijayo. Wanataka nieleze msimu ujao tutaandikaje wakulima. Safari hii sijaandaa kompyuta. Nimeomba siku mbili nikae na karani mzee na daftari lake, na siku moja nikae nje kwenye foleni na akina mama wanaoteremka na magunia, niwaulize wao wanajuaje kwamba wameandikwa sawasawa. Kompyuta itakuja baadaye, na safu ya kitongoji na jina la mama itakuwemo. Na kipimo nimeshakiweka: sitasema imefanikiwa mpaka bibi yangu na yule bibi mwenzake wa majina mamoja wapate kila mmoja chake, siku moja, bila kupanda gari mara tatu.

Wakinikatalia nitakuwa nimestahili. Wakinikubalia nitawapa mrejesho hapahapa.

Haya wadau, muda wangu kwenye mashine unakatika na jamaa wa kaunta ananiangalia. Wa Newala, Lulindi, Chidya na Chitangali, kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka majando ya enzi hizo muulizeni, halafu dondosheni maoni hapo chini. Matusi hapana, hoja ruksa.

Tupo pamoja.