Bombardier: fundi wa gereji aliyeishinda theluji

Jina la Bombardier si geni kwa Watanzania. Mwaka 2016, Shirika la Ndege la Tanzania lilipopokea ndege mbili za pangaboi aina ya Q400, jina hilo lilitajwa sana magazetini na vijiweni. Hata hivyo, ni wachache wanaojua kwamba Bombardier lilikuwa jina la mtu, na kwamba mtu huyo hakutengeneza ndege hata moja maishani mwake. Alikuwa mtoto wa mkulima na fundi wa magari wa kijijini nchini Canada. Kazi aliyoifanya hadi kufa kwake ni kutafuta namna ya kulipitisha gari mahali ambapo magurudumu yanakataa kushika.

Mkulima au mchuuzi wa hapa kwetu hajawahi kuendesha gari kwenye theluji, labda aione kwa mbali kileleni Kibo. Lakini tatizo lenyewe analifahamu vizuri. Anayesafirisha ndizi, viazi au maziwa wakati wa masika anajua gari linavyonguruma huku magurudumu yakizunguka mahali pamoja na mzigo ukiharibika.

Mtoto wa Valcourt

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa Aprili 16, 1907 katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec, ambako watu huzungumza Kifaransa. Alikuwa mkubwa kati ya watoto wanane wa Alfred Bombardier na mkewe Anna Gravel. Baba yake alikuwa mkulima ambaye baadaye alifungua duka kijijini.

Tangu utotoni Armand alipenda kufungua na kufunga mitambo, akianzia na saa na vitu vya kuchezea. Wazazi wake walitaka awe padri, hivyo alipofika umri wa miaka 14 wakampeleka seminari katika mji wa Sherbrooke. Huko alisoma, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye injini. Baba yake, akitaka kumpa kitu cha kuchezea wakati wa likizo, alimpatia injini kuukuu ya gari aina ya Ford Model T.

Desemba 31, 1922, Armand akiwa na miaka 15, wanakijiji walisikia kelele ambayo hawakuwahi kuisikia. Kijana huyo alikuwa ameifunga ile injini juu ya sleji, yaani chombo cha kuteleza kisicho na magurudumu, na nyuma yake akaweka pangaboi kama la ndege. Mdogo wake Léopold alikaa mbele akishika usukani. Chombo kilitembea kweli, lakini pangaboi lile halikuwa na kinga yoyote na lingeweza kumkata mtu. Baba yao aliamuru kifunguliwe mara moja.

Kijana aliacha seminari, akajifunza ufundi katika gereji za watu, kisha akaendelea na masomo ya umakenika na umeme kwa njia ya posta. Mwaka 1926, akiwa na miaka 19, alirudi Valcourt na kufungua gereji yake kwa msaada wa baba yake. Mwaka 1929 alimwoa Yvonne Labrecque.

Kwa nini gari hukwama

Enzi hizo barabara za vijijini Quebec hazikuondolewa theluji. Ilipofika Desemba, wenye magari waliyapandisha juu ya magogo na kuyaacha hapo mpaka majira ya kuchipua. Watu walirudia farasi na sleji. Kwa fundi wa gereji, hiyo ilikuwa miezi ya kukosa wateja. Bombardier aliitumia kufanya majaribio, mwaka hadi mwaka, kwa fedha alizopata wakati wa kiangazi.

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, ni vizuri kujua kwanza theluji inavyolitesa gari. Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono tu. Nguvu yote ya injini, ikipita kwenye klachi, giaboksi, shafti na difu, huishia kwenye viganja hivyo. Vikikosa kushika, injini kubwa haisaidii. Tena inadhuru, kwa sababu gurudumu linalozunguka bure huyeyusha theluji kidogo, maji yale huganda tena kuwa barafu, na gari huzidi kujichimbia.

Difu ya kawaida nayo huongeza tabu. Kazi yake ni kuliruhusu gurudumu la nje lizunguke kwa kasi zaidi kwenye kona. Lakini gurudumu moja likiwa kwenye utelezi, hilo ndilo linalozunguka ovyo, na lile lililo mahali pazuri linakaa kimya. Magari mengi ya wakati wa Bombardier yalivuta kwa magurudumu mawili ya nyuma, hivyo gurudumu moja tu likiteleza safari ilikwisha.

Watu walikuwa na mbinu zao. Mmarekani Harry Weed alipata hataza ya minyororo ya kufunga kwenye tairi mwaka 1904, na minyororo hiyo husaidia sana kwenye barafu na theluji iliyoshindiliwa. Wengine walipakia mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma ili uzito uyakandamize magurudumu yanayovuta. Madereva wazoefu walijifunza kuondoka taratibu kwa gia ya pili, wasikanyage mafuta ghafla, na wasikate kona huku wamekanyaga breki.

Mbinu zote hizo zina mwisho wake. Theluji ikifika kiunoni, tairi huzama na gari hukaa juu ya tumbo lake, magurudumu yakielea. Hapo dawa ni kuusambaza uzito juu ya eneo kubwa, kama mtu anayevuka tope kwa kukanyaga ubao. Bombardier hakuwa wa kwanza kuliona hilo. Mfaransa Adolphe Kégresse alikwishayafunga mikanda ya mpira magari ya mfalme wa Urusi, na Marekani walikuwepo waliobadilisha magari ya Ford kwa namna hiyo. Kilichokosekana ni chombo imara na chepesi ambacho mwanakijiji angeweza kukitegemea kila siku.

Majira ya baridi ya 1934

Mwaka 1934, theluji ikiwa imefunga njia zote, mtoto wao Yvon, mwenye umri wa miaka miwili, aliugua ghafla tumbo. Ulikuwa ugonjwa wa kidole tumbo uliokwishasambaa ndani, na alihitaji kupasuliwa haraka. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilomita 50 hivi.

Gereji ya baba yake ilikuwa na chombo cha theluji cha majaribio, lakini siku hiyo kilikuwa kimefunguliwa vipandevipande. Mtu aliyetumia miaka zaidi ya kumi kutafuta namna ya kuvuka theluji hakuwa na cha kumpeleka mwanawe hospitali. Mtoto alifariki.

Bombardier hakuwa mtu wa maneno mengi, na alirudi gerejini kufanya kazi. Lakini kuanzia hapo kile kilichokuwa shauku ya fundi kilikuwa haja ya kila nyumba ya kijijini: namna ya kumfikisha daktari kwa mgonjwa, au mgonjwa kwa daktari.

Mkanda na gurudumu la meno

Jibu alilipata mwaka 1935. Alitengeneza gurudumu la meno lililovikwa mpira, likiendesha mkanda wa mpira wenye vipande vya chuma vilivyokatiza. Mfano wake rahisi ni mnyororo wa baiskeli, ila hapa mnyororo ni mpana na ndio unaokanyaga ardhi. Kwa kuwa meno huingia kwenye mkanda, mkanda hauwezi kuteleza juu ya gurudumu, na nguvu ya injini hufika chini bila kupotea. Mbele, mahali pa magurudumu, aliweka mabapa mawili ya kuteleza ya kukatia kona. Injini aliiweka nyuma, ili uzito wake ukae juu ya mkanda unaovuta.

Msomaji atagundua kwamba hapo mambo matatu yamekutana: eneo kubwa la kukanyaga, uzito juu ya sehemu inayovuta, na nguvu isiyopotelea njiani.

Alipata hataza ya mfumo huo mwaka 1937, akaanza kuuza gari lililoitwa B7 kwa sababu lilibeba watu saba. Wateja walikuwa madaktari, wenye hoteli, wasafirishaji na watu wa posta. Mwaka 1942 alisajili kampuni yake, L'Auto-Neige Bombardier, na akatoa B12 la watu 12 lenye bodi ya mbao na madirisha ya duara. Magari hayo yalibeba wagonjwa, barua na mizigo, na mengine makubwa zaidi yalipeleka watoto shule. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitengeneza pia magari ya mikanda kwa ajili ya jeshi.

Sheria iliyokata mauzo

Mwaka 1948 serikali ya Quebec ilipitisha sheria ya kuondoa theluji kwenye barabara zote, hata za vijijini. Kwa wananchi ilikuwa neema, kwani sasa gari la kawaida liliweza kutembea mwaka mzima. Kwa Bombardier ilikuwa pigo. Katika mwaka mmoja mauzo yake yalishuka kwa karibu nusu.

Hapa ndipo mfanyabiashara mdogo anapaswa kutazama kwa makini. Bombardier alikuwa na kiwanda, wafanyakazi na bidhaa nzuri, lakini soko lilikuwa limeondoka. Hakupoteza muda kupingana na barabara. Alijiuliza ni wapi pengine ambapo magurudumu yanazama, akapata jibu: mashambani, misituni na kwenye vinamasi.

Kwanza alitengeneza mkanda wa kufungwa kwenye magurudumu ya nyuma ya trekta la kawaida. Mkulima hakulazimika kununua trekta jipya. Alifunga mkanda, akaingia shamba lenye tope, na baadaye akaufungua. Mwaka 1953 alitoa trekta la mikanda mitupu lililoitwa Muskeg, neno linalomaanisha kinamasi katika nchi za kaskazini. Lilinunuliwa na wakata magogo, watafuta mafuta na wajenzi wa nyaya za umeme, na likauzwa hata nje ya Canada.

Pikipiki ya theluji

Tangu ujana wake alitamani chombo kidogo cha mtu mmoja au wawili, lakini injini za zamani zilikuwa nzito mno. Mwishoni mwa miaka ya 1950 injini ndogo nyepesi zilipatikana, na mwanawe Germain alikuwa amebuni mkanda wa mpira wa kipande kimoja usio na kiungo. Mwaka 1959 Bombardier akatoa Ski-Doo, pikipiki ya theluji. Moja ya mwanzo kabisa aliipeleka kwa rafiki yake, padri mmisionari aliyefanya kazi kaskazini mwa Ontario, ambako watu walisafiri kwa sleji za mbwa.

Msimu wa kwanza ziliuzwa 225. Miaka mitano baadaye zilikuwa zaidi ya 8,000 kwa msimu. Mwenyewe hakuishi kuyafaidi. Alifariki kwa saratani Februari 18, 1964, akiwa na miaka 56, akiacha hataza zaidi ya 40.

Alichoacha

Warithi wake, wakiongozwa na mkwewe Laurent Beaudoin, waliipeleka kampuni kwenye treni na baadaye kwenye ndege. Upanuzi huo ulileta sifa na pia madeni makubwa. Kitengo cha Ski-Doo kiliuzwa mwaka 2003. Mradi wa ndege za Q400 uliuzwa mwaka 2019, na kiwanda cha treni mwaka 2021. Leo kampuni yenye jina lake inabaki na ndege za matajiri na wafanyabiashara wakubwa. Gereji yake ya mwaka 1926 imehifadhiwa katika makumbusho huko Valcourt.

Theluji haikwenda popote. Tangu mwaka 2008 sheria ya Quebec inamlazimu kila mwenye gari dogo kufunga tairi za majira ya baridi, ambazo mpira wake haukakamai kwenye baridi kali. Hata gari la kuvuta magurudumu manne halisamehewi. Sababu ni kwamba magurudumu manne husaidia kuondoka tu. Kusimama kunategemea tairi.

Kwa mkulima wa hapa kwetu, somo hilo lina thamani ya fedha taslimu. Kabla ya kukopa ili ununue gari lenye injini kubwa zaidi kwa ajili ya njia ya shamba, kagua kwanza tairi kama zimekuwa kipara, tazama mzigo umekaa juu ya ekseli ipi, na muulize fundi wako kuhusu difu. Beba minyororo ikiwa njia yako ina tope zito. Na chombo cha dharura, kiwe pikipiki au pikapu, kisilale kimefunguliwa wakati mvua zinakaribia.