Georg Cantor: Maisha ya Mwanahisabati na Maradhi ya Akili

Katika miaka ya 1960 na 1970, hisabati ya seti iliingia katika shule za Kenya. Wanafunzi wa Kitui, na wa sehemu ile ya Machakos iliyokuja kuwa wilaya ya Makueni mwaka wa 1992, walifundishwa kupanga vitu katika makundi na kuyalinganisha. Msingi wa somo hilo uliwekwa na Georg Cantor, mtu aliyeishi na maradhi ya akili kwa zaidi ya miaka thelathini.

Cantor alizaliwa St Petersburg, Urusi, tarehe 3 Machi 1845. Familia yake ilihamia Ujerumani mwaka wa 1856. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Berlin mwaka wa 1867, na miaka miwili baadaye akaanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Halle, ambako alidumu hadi alipostaafu mwaka wa 1913.

Mwaka wa 1874 alichapisha makala iliyobadili hisabati. Alithibitisha kwamba namba zote zilizo kwenye mstari, pamoja na zile zenye desimali zisizokoma, haziwezi kupangwa moja moja sambamba na namba za kuhesabia. Makundi yote mawili hayana mwisho, ila moja ni kubwa kuliko jingine. Leopold Kronecker, aliyekuwa mwalimu wake Berlin, aliipinga kazi hiyo vikali. Nafasi ya kufundisha Berlin, ambayo Cantor aliitamani sana, hakuipata maishani.

Mwezi wa Mei 1884 aliugua kwa mara ya kwanza. Alipopata nafuu alipoteza imani na kazi yake, akaomba afundishe falsafa badala ya hisabati. Aligeukia pia fasihi. Alishikilia kwamba tamthilia za Shakespeare, mwandishi ambaye Julius Nyerere alimtafsiri kwa Kiswahili, ziliandikwa na Francis Bacon, na mwaka wa 1896 na 1897 akachapisha vijitabu juu ya dai hilo.

Hata hivyo, akili iliyougua haikuwa imezimika. Mwaka wa 1890 alishiriki kuanzisha chama cha wanahisabati wa Ujerumani, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka wa 1891 alitoa uthibitisho mpya, mfupi na mwepesi, unaofundishwa vyuoni hadi leo. Sehemu mbili za kazi yake kuu ya mwisho zilitoka mwaka wa 1895 na 1897. Yote hayo aliyafanya baada ya kuugua.

Desemba 1899, Cantor akiwa Leipzig akitoa mhadhara juu ya Bacon na Shakespeare, mwanawe mdogo wa kiume, Rudolf, alifariki ghafla. Tangu hapo alilazwa mara kwa mara. Juni 1917 aliingizwa hospitalini Halle bila ridhaa yake, na kutoka humo alimwandikia mkewe barua akiomba arudishwe nyumbani. Hakurudi. Alifariki tarehe 6 Januari 1918, wakati vita vilikuwa vimeleta uhaba mkubwa wa chakula.

Imezoeleka kusimuliwa kwamba Cantor alirukwa na akili kwa kufikiria yasiyo na mwisho, au kwa uadui wa Kronecker. Simulizi hiyo ni tamu, lakini wanahistoria waliochunguza maisha yake wameikataa. Maradhi yalikuja na kuondoka kwa mkondo wake yenyewe. Jambo lenye funzo zaidi ni kwamba chuo chake kilimpa likizo alipougua na kumpokea alipopona. Hakupoteza kiti chake cha uprofesa.

Hapo ndipo maisha haya yanapowagusa wanafunzi wa Kiswahili. Neno mwendawazimu lina undugu na mzimu. Humtaja mgonjwa kana kwamba ameshatoka miongoni mwa walio hai. Mtu akishaitwa hivyo kijijini, jina hubaki hata ugonjwa ukiondoka. Huko Makueni, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini wamewahi kufunzwa pamoja kuutambua ugonjwa wa akili na kumwelekeza mgonjwa kwenye matibabu. Lugha nayo haina budi kufuata njia hiyo. Cantor alikuwa profesa, mume, baba na mgonjwa. Kumwita kwa jina la mwisho pekee ni kumnyima yale mengine yote.