Dakta Penfield na Ramani ya Mikono

Babu yangu ni seremala hapa Mgololo. Alizoea kupapasa ubao kwa viganja vyote viwili ili ajue kama umelainika. Asubuhi moja aliamka, mkono wake wa kulia hausikii kitu. Majirani walinong'ona mengi ya uchawi. Daktari alituambia kwamba ni kiharusi, na kwamba damu imeziba upande wa kushoto wa ubongo. Nilishangaa: mkono wa kulia, ubongo wa kushoto? Ndipo nikasoma habari za Wilder Penfield.

Bwana huyo alizaliwa Marekani mwaka 1891. Alisoma Oxford kwa Sherrington, bingwa wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1928 alihamia Montreal, Kanada, na mwaka huohuo akampasua dada yake mwenyewe, Ruth, aliyekuwa na uvimbe katika ubongo. Hakuweza kuuondoa wote, na baada ya miaka michache Ruth akafa. Sijui mimi ningethubutu kushika kisu hicho! Yeye hakukata tamaa. Mwaka 1934 alifungua taasisi ya maradhi ya ubongo mjini humo.

Wengi aliowatibu walikuwa na kifafa. Aliwapasua wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ganzi ilitiwa kichwani kwa nje tu. Kabla ya kukata aliugusa ubongo kwa umeme kidogo, asije akaondoa mahali penye kazi. Akigusa upande wa kushoto, mgonjwa alisema anasikia ganzi au mchomo katika kidole gumba cha kulia, ingawa hakuna aliyekigusa. Hivyo, mahali kwa mahali, akachora ramani, akaitoa mwaka 1937 pamoja na mwenzake Boldrey. Katika ramani hiyo mkono na midomo vina eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Baadaye aliona pia eneo la pili, dogo, linalopata habari za mikono yote miwili.

Penfield alifariki mwaka 1976.

Nilimweleza babu hayo yote. Alinisikiliza, kisha akauweka mkono wa kulia juu ya ubao, na wa kushoto kando yake, akaanza kupapasa polepole.